Kahawa Kabla ya Soko

Juma lililopita tulieleza hisa ni kitu gani, kwamba mwenye hisa ni mwenye sehemu katika kampuni, hata ikiwa ndogo kama punje. Leo tutazame jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii: soko la hisa likifunguliwa asubuhi, madalali wazoefu huwa wamekwisha kuzungumza.

Ukitaka kulielewa, nenda ufukoni alfajiri penye mnada wa samaki. Ngalawa hazijafika, lakini wachuuzi wa siku nyingi wamekwisha kuketi. Wanaulizana upepo wa usiku ulikuwaje, nani kaenda mbali, samaki gani watakuwa haba. Mnada ukianza, wao wanajua pa kuanzia na pa kukoma. Wewe mgeni unaisikia bei inapotajwa tu.

Huko London mambo yalikuwa hivyo hivyo. Madalali wa hisa walifanya kazi yao ndani ya jumba la wafanya biashara liitwalo Royal Exchange, lakini walikuwa watu wa kelele, wakachukiwa. Mwaka 1698 wakatoka, wakahamia vichochoro vya jirani vyenye mikahawa. Mkahawa mmoja uliitwa Jonathan's. Mtu aliingia, akaagiza kahawa yake, akategea sikio: meli gani imetia nanga, vita vinakwendaje, serikali inataka kukopa kiasi gani. Mwaka ule ule John Castaing alianza kutoa hapo karatasi ya bei, mara mbili kwa juma. Karatasi hiyo ilikuwa msaada mkubwa, sikatai. Lakini ilikueleza bei iliyokwisha kupita. Mezani watu walibishana juu ya bei inayokuja.

Ndiyo maana meza ile ikagombaniwa. Mwaka 1761 madalali wapatao 150 wakafanya chama, wakataka Jonathan's iwe yao peke yao. Mmoja aliyetolewa nje hakukubali, akaenda mahakamani mbele ya Lord Mansfield, na mwaka 1762 akashinda. Je, wakubwa wale walinyamaza? La. Mwaka 1773 wakahamia nyumba yao wenyewe, wakatoza peni sita mlangoni kwa siku. Mwaka 1801 wakaenda mbali zaidi: asiyekuwa mwanachama mwenye kulipa ada, asiingie.

Desturi hii ilivuka bahari mpaka kwetu. Soko la hisa la Nairobi liliundwa mwaka 1954, nalo lilikuwa chama cha hiari cha madalali. Halikuwa na ukumbi. Madalali walikutana katika hoteli ya New Stanley, wakanywa kahawa, wakauziana hisa kwa ahadi ya muungwana. Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kufanya biashara hiyo mpaka baada ya uhuru wa mwaka 1963. Hebu lifikiri jambo hilo, ndugu yangu. Mwafrika aliweza kuileta kahawa mezani, akayasikia yote yaliyosemwa. Hisa hakuwa na ruhusa ya kununua hata moja.

Mwaka 1991 soko hilo likapata ukumbi wa kunadia kwa sauti, na mwaka 2006 ikaja mitambo ya kompyuta. Mazungumzo ya asubuhi hayakufa. Yamehamia kwenye simu na intaneti.

Utaniuliza, basi, je, ni ulaghai? Kwa maoni yangu, mengi si ulaghai. Dalali mzoefu akisema kwamba kampuni fulani itatangaza hesabu Alhamisi, na kwamba mwaka jana watu walikimbilia hisa zake siku mbili kabla, huo ni ujuzi alioutolea jasho. Lakini akinong'ona kwamba faida imeanguka, naye kaambiwa na mtu wa ndani kabla haijatangazwa, akauza hisa zake, hilo ni kosa kwa sheria za Kenya na za Tanzania pia.

Hatari ya mgeni iko hapa. Usiku kucha maagizo ya kununua na ya kuuza hukusanyika. Katika masoko mengi, kabla ya biashara kamili kuanza, maagizo hayo hupangwa pamoja ili ipatikane bei moja ya kufungulia. Wazoefu hutazama upande upi ni mzito, wakapunguza au wakaongeza. Mgeni aliyemwambia dalali wake, "Ninunulie kwa bei yoyote," amekwisha kujitia mikononi mwao. Afadhali utaje kiwango: "Usipite shilingi 20." Ikipita, hukununua, na fedha zako bado ziko mfukoni.

Sasa chukua daftari. Kabla ya somo lijalo, chagua kampuni moja katika ukurasa wa bei za hisa gazetini. Kwa siku tano andika bei yake ya kufungia, kisha muulize dalali au mtu mwenye intaneti ilifungua kwa bei gani kesho yake. Palipo na tofauti kubwa, tafuta habari iliyotokea usiku ule. Mje na madaftari hayo kwenye kikundi chenu, tutaanzia hapo.