Nani Aliiita Takataka? Historia Fupi ya Mkoba Wako

Wasee, leo tuongee bei.

Mimi nashona mikoba hapa Satellite. Natumia jinzi za mitumba zilizoraruka, mabango ya matangazo yaliyoteremshwa barabarani, na vipande vya ngozi vinavyobaki kwa mafundi wa viatu. Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Kwani hii si ilikuwa takataka? Mbona bei iko hivi?" Sikasiriki. Ni swali poa, na jibu lake liko kwa historia. Nimeisoma nikaona kitu kimoja: hakuna kitu kinachozaliwa takataka. Kuna mtu hukiita hivyo. Na mwenye nafasi ya kukipa kitu jina, mara nyingi ndiye huamua bei yake.

Tuanze mbali kidogo. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa 1896, ukafika Nairobi 1899, ukamaliza Kisumu 1901. Reli haikuja peke yake, ilikuja na nyaya za telegrafu. Kazi ilipokaribia nchi ya Wanandi, nyaya zikaanza kupotea. Shaba ile ilikuwa inageuzwa mapambo ya mikononi na shingoni. Kwa Mwingereza huo ulikuwa wizi. Kwa Mnandi, mgeni alikuwa amepitisha vyuma kwenye ardhi yake bila hata kupiga hodi. Majeshi yakatumwa mara kadhaa, na upinzani ukavunjwa baada ya Koitalel arap Samoei kuuawa tarehe 19 Oktoba 1905.

Najua, waya ule haukuwa umetupwa. Lakini angalia vile mambo yalienda. Kitu kilekile, kwa huyu ni mali ya serikali, kwa yule ni bangili. Aliyekuwa na bunduki ndiye aliyeandika ripoti, na neno lake ndilo tulilosoma.

Hata shanga tunazoziita "za kwetu" zina safari ndefu. Shanga nyingi za kioo zilitoka Venice na Bohemia, zikabebwa na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani kuingia bara karne ya 19. Ulaya ilizitengeneza kama bidhaa ya kubadilishana. Kina mama Wamaasai wakazifanya lugha: rangi na mpangilio wa shanga huweza kukuambia rika la mtu, au kama ameolewa. Malighafi ilikuwa ya mgeni, maana ikawa ya mwenyeji. Hiyo kazi ya kuongeza maana haikulipwa na mtu, na haimo kwenye daftari la mfanyabiashara yeyote.

Sasa turudi tao. Kariokor kila mtu anaijua, ni soko la viondo, shanga na viatu vya ngozi. Wachache wanajua jina limetoka wapi. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Walikufa kwa maelfu na maelfu, wengi kwa magonjwa. Waliobaki nyuma walichukua maneno ya Kizungu, wakayakata, wakayaunga upya mpaka yakatamkika. Kumbe hata jina la soko lenyewe ni kazi ya mikono.

Na kama hujawahi kuvaa akala, babu yako amevaa. Tairi la gari likichoka, fundi analikata kwa kisu, anatoa soli, anapigilia kamba za raba, kiatu hicho kinatembea miaka. Mikebe ikawa koroboi za kusomea usiku. Mapipa ya mafuta yakawa majiko na masanduku ya kwenda nayo bweni. Hakuna aliyekuwa anaiita hiyo "apusaiklingi", lile neno la siku hizi la kuchukua kilichotupwa na kukifanya kiwe na thamani kuliko mwanzo. Ilikuwa tu kazi.

Majina yalikuja baadaye. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, na ndiyo iliyofanya neno "sekta isiyo rasmi" lijulikane dunia nzima. Tuwe wakweli, ripoti ile iliwatetea mafundi. Ilisema kazi zao zina faida na kwamba serikali iache kuwahangaisha. Lakini sikiza hilo jina vizuri: linakuambia kile wewe si. Mafundi wenyewe walikuwa na jina lao, jua kali, kwa sababu walipiga nyundo bila paa juu ya kichwa. Mwaka 1985 Rais Moi alienda Kamukunji kuwaona, na akaahidi vibanda. Mwaka 1992 serikali ikatoa sera rasmi ya biashara ndogo, na maneno "Jua Kali" yakiwa kwenye kichwa chake. Kutoka mtaani hadi karatasi ya serikali. Jina likibadilika, hata askari wa jiji anakuangalia tofauti.

Lakini jina linaweza kupata heshima na mwenye kazi abaki bila kitu. Mfano ni kiondo. Kina mama Wakikuyu na Wakamba walikisuka miaka mingi kwa nyuzi za magome ya miti, halafu kwa katani. Kilibebwa kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Mishikio ya ngozi unayoiona leo iliongezwa kwa ajili ya soko la nje. Malighafi ikiadimika, walifumua sweta kuukuu, wakasuka kwa nyuzi zake. Wakati nchi za nje zilipokipenda, nakala za bei rahisi zikaanza kutengenezwa Asia, na kina mama hawakuwa na karatasi yoyote ya kusema "hii ni yetu". Kenya ilipata Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Kazi za Kitamaduni mwaka 2016. Hesabu mwenyewe hiyo ni miongo mingapi ya kuchelewa.

Karibu zaidi na sisi, mwanzoni mwa miaka ya 2010, mbunifu Mwingereza Vivienne Westwood alianza kutoa mikoba iliyotengenezwa Nairobi, kupitia mradi wa Kituo cha Biashara cha Kimataifa. Malighafi yake? Mabango ya barabarani yaliyotumika, mabaki ya ngozi, na shaba nyeupe iliyoyeyushwa kutoka kwa vyuma vilivyotupwa. Vitu vilevile ambavyo mimi nikivishona Satellite naulizwa kama ni takataka! Mradi ule ulijieleza kuwa ni kazi, si msaada, na hapo naukubali. Watu walilipwa, wakafundishwa. Lebo ilisema mkoba umetengenezwa Nairobi kwa mikono. Hata hivyo, jina lililouza mkoba ni la mbunifu. Mikono ilipewa mji, haikupewa jina.

Halafu ikaja tarehe 28 Agosti 2017. Mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku, na adhabu ikawa kali: faini hadi shilingi milioni 4, au kifungo hadi miaka 4. Ghafla kila mtu akahitaji kitu cha kubebea sukuma wiki. Mfuko uliokuwa unapewa bure, sasa unaulipia. Hapo ndipo vijana wengi wa rika langu tuliona nafasi, kwa sababu kwa mara ya kwanza mteja alikuwa analazimika kufikiria mfuko wake umetoka wapi.

Sasa turudi kwa bei. Bango likiletwa kwangu lina vumbi, gundi na matundu. Ninaliosha, ninalianika, ninatafuta sehemu ambayo rangi haijapauka. Kitambaa kipya unakikata mita kwa mita bila kufikiria, lakini hivi vitu vyangu havina vipande viwili vinavyofanana, kwa hivyo kila mkoba naupimia upya. Bango ni gumu, sindano zinavunjika. Zipu, uzi na bitana nanunua vipya tao. Malighafi kuu ni rahisi, ndiyo. Unacholipia ni saa zangu, na saa zangu sikuziokota jalalani.

Nanyi mnaoshona kama mimi, tusidanganyane. Hadithi ya mazingira haizuii zipu kukwama. Mkoba ukikatika mshikio wiki ya pili, umeurudisha Dandora kwa njia ndefu zaidi. Na tusijifanye tunamaliza lile jaa kwa mikoba yetu michache. Tushone vizuri kwanza, halafu ndiyo tuongee.

Jambo ninalolisisitiza ni dogo. Weka jina. Mimi ndani ya kila mkoba nashona kitambaa kidogo chenye mambo mawili: ulikuwa nini kabla, na nani aliushona. Nikimpa jirani kazi ya kunisaidia, linaingia jina lake, si langu. Inachukua dakika chache tu, lakini ndicho kitu ambacho historia yote hii imekosa. Tunajua jina la aliyejenga reli, aliyeandika ripoti, na aliyepeleka mikoba jukwaani Ulaya. Mama aliyefumua sweta ili asuke kiondo hatumjui.

Kwa hivyo ukiwa Maasai Market, Kariokor au kwa mtu wa kando ya barabara, kabla hujaanza kupunguza bei, uliza kwanza: nani ametengeneza hii? Kama muuzaji anajua, mtajuana. Kama hajui, mwambie aende akaulize. Halafu mpatane bei, na huyo mtu akiwa kwenye hesabu.