Mchezeshaji

Kwenye viwanja vya mpira wa kikapu utasikia "pointi gadi". Mimi napendelea neno mchezeshaji: cheza, chezesha, mchezeshaji, yaani anayewafanya wenzake wacheze. Tanzania refa naye huchezesha mechi, lakini muktadha huwatenganisha.

Hasheem Thabeet, Mtanzania wa zaidi ya mita 2.2, alipokuwa senta wa Chuo Kikuu cha Connecticut, mchezeshaji wake alikuwa A. J. Price. Mwaka 2009 walifika nusu fainali ya vyuo vya Marekani. Senta mrefu hivyo anataka mpira umfikie juu, mapema, kabla walinzi wawili hawajamzingira. Wakishamzingira, mchezeshaji aliyeachwa peke yake lazima awe na shabaha ya mbali. Bila hiyo, urefu wote ule ni bure.

Makocha wa Chuo Kikuu cha Eldoret, hapo Chepkoilel, litumieni neno mchezeshaji mazoezini.