Kumisi: Mwako Unapokosekana Ndani ya Silinda

Dereva akiingia gereji ya kando ya barabara, iwe Bongwe au Ukunda huku Kwale, Kenya, husema hivi: "Fundi, gari yamisi." Fundi mzuri haishiki spana papo hapo. Humwuliza kwanza: "Yamisi ikiwa imesimama, ama ukiipa mafuta ikipanda mlima?" Jibu la swali hilo, ambalo halilipiwi hata shilingi, laweza kumwokolea mteja pesa ambazo angezitumia kununua vipuri asivyovihitaji.

Kumisi ni nini hasa? Injini ya petroli hufanya kazi kwa hatua nne: huvuta hewa iliyochanganyika na mafuta, huigandamiza, huichoma, kisha hutoa moshi. Mjerumani Nikolaus Otto ndiye aliyefanikiwa kuunda injini ya aina hiyo mwaka 1876, na gari la Toyota Probox la leo bado linafuata hatua zizo hizo. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 1,500, yaani mara 25 kwa sekunde. Mwako usipotokea, au ukitokea nusunusu, silinda hiyo imemisi. Silinda moja ikifa kabisa, robo ya nguvu imekwenda, na tatu zilizobaki zinalazimika kuikokota ile ya nne. Hapo usukani hutetema, na moshi hutoka kwa mapigo yenye mwanya ambao sikio lililozoea huutambua kabla boneti haijafunguliwa.

Neno la Kiingereza, misfire, lilianzia kwenye bunduki: mtu anavuta kifyatulio, baruti haishiki. Mafundi wetu walichukua umbo fupi zaidi, wakalivika viambishi, likawa kitenzi kamili: inamisi, ilimisi, imeanza kumisi. Sioni sababu ya kulifukuza. Lakini vyuo vya ufundi vinahitaji pia istilahi inayojieleza, na hapo napendekeza kukosa mwako. Wako wanaoandika kukosa mlipuko, nami nawapinga kwa sababu ya kiufundi. Katika injini yenye afya petroli hailipuki; huwaka kwa mwali unaoanzia kwenye plagi na kusambaa haraka lakini kwa mpangilio. Petroli ikilipuka yenyewe ndipo injini inapogonga, na huo ni ugonjwa mwingine wenye dawa nyingine. Mwanafunzi aliyefundishwa mlipuko atayachanganya magonjwa haya mawili maisha yake yote.

Tutenganishe pia kumisi na kutovuta. Gari linaloondoka Kombani kupanda Kwale likashindwa kupata kasi, ilhali injini yanguruma sawasawa bila kutetema, halimisi. Huenda chujio la hewa limejaa vumbi la barabara za ndani, pampu ya mafuta imechoka, klachi inateleza, breki imeshika gurudumu au ekzosi imeziba. Kumwuzia mwenye gari hilo plagi nne mpya ni kumwonea.

Sasa turudi kwa swali la fundi. Mwako unataka vitu vitatu: cheche, mchanganyiko sahihi wa hewa na mafuta, na mgandamizo. Gari likimisi zaidi likiwa limesimama linanguruma, kisha likatulia likikanyagwa, shuku kwanza hewa inayopenya kupitia paipu iliyopasuka au gasketi iliyolegea. Injini ikizunguka polepole huvuta hewa kidogo, kwa hiyo hata mwanya mdogo huharibu kipimo. Ikikimbia, mwanya huo hauna uzito. Kinyume chake, likimisi mlimani likiwa limebeba abiria, shuku cheche. Silinda inapojaa na kugandamizwa sana, umeme huona taabu kuruka kwenye plagi, na koili dhaifu, ambayo kwenye tambarare ilijikaza, hapo husalimu amri.

Kwenye Probox zenye injini ya lita 1.5 kila silinda ina koili yake, iliyofungwa kwa bolti moja ya spana namba 10. Tuseme mashine ya kusomea makosa imeonyesha P0301. Maana yake ni kwamba silinda ya 1 imekosa mwako. Haisemi koili imekufa, na hapa ndipo wengi wanapoliwa pesa. Zima injini, ingoje ipoe, hamisha koili ya silinda ya 1 uiweke kwenye ya 2 na ya 2 uilete kwenye ya 1, futa kosa, kisha endesha. Kosa likihamia P0302, koili ndiyo mbovu. Nunua moja, si nne. Likibaki palepale, fanya vivyo hivyo kwa plagi, kisha uitazame injekta. Kabla ya yote hayo angalia soketi za nyaya: huku Diani na Msambweni hewa ya chumvi huzitia kutu ya kijani, na kuzisafisha tu kumeponya magari mengi. Magari ya zamani yenye distributa yafungulie boneti usiku gizani injini ikinguruma; waya unaovuja umeme utauona ukimetameta. Usiuguse.

Mafuta nayo yasisahaulike. Kenya ilianzisha mwaka 2018 tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia wanaoyachanganya na mafuta ya magari. Gari likianza kusumbua mara tu baada ya kujaza tangi, mwambie fundi, maana huenda mafuta yenyewe yamechanganywa.

Mgandamizo uuache mwisho, kwa kuwa tiba yake ni ghali. Geji ya kuazima yatosha kuupima. Kipimo kikiwa chini, tia kijiko cha oili ndani ya silinda upime tena: kikipanda, ringi za pistoni zimelika, kisipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi ya hedi.

Ukiona taa ya injini inawaka na kuzimika mfululizo, punguza mwendo na usimame mahali salama. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye kichujio cha moshi, na kichujio hicho ni ghali kuliko koili yoyote.