Siku Rais Alipowafuta Watu Kazi kwa Firimbi

Mimi kazi yangu ilimwagika kwenye WhatsApp. Niliamka, nikachemsha chai ya rangi, nikafungua simu na kukuta nimetolewa kwenye grupu. Hakuna barua, hakuna hata asante. Kazi yenyewe, tuseme ukweli, haikuwa ya kujivunia mbele ya mama: tulikuwa tunawaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda, na hapo nikawa nalipwa kuandikia watu ambao wangevaa joho. Halafu kompyuta zikajifunza kuandika, oda zikakauka, tukaanza kutolewa mmoja mmoja.

Moja ya oda zangu za mwisho ilihusu PDVSA, kampuni ya mafuta ya serikali ya Venezuela. Kurasa nane, kwa nini uzalishaji uliporomoka. Niliandika bei, siasa, vikwazo vya Marekani, nikatuma. Kitu kimoja sikukiandika kwa sababu mteja hakukiomba: watu waliofutwa. Tangu nitolewe kwenye lile grupu, ni wao tu ninaowawaza.

Ili uwaelewe inabidi turudi nyuma kidogo. Desemba 1922, kisima kilichoitwa Barroso 2, kando ya Ziwa Maracaibo, kilipasuka na kutapika mafuta kwa siku tisa bila kuzimika. Kampuni za Wamarekani na Wazungu zikamiminika. Zikajenga kambi zenye ua, wakubwa kutoka nje wakae ndani kwenye nyumba nzuri, na Mvenezuela anayechafuka mikono akae upande wa pili. Mwishoni mwa 1936 wafanyakazi wa mafuta wa jimbo la Zulia waligoma. Baada ya mwezi na zaidi serikali ikawaamuru warudi kazini, ikawaongezea bolívar moja kwa siku. Kwa hivyo hasira ya mfanyakazi wa mafuta kule haikuanza na Hugo Chávez. Ilimtangulia kwa miaka mingi.

Tarehe 1 Januari 1976 mafuta yakawa mali ya taifa na PDVSA ikaanza kazi. Mameneja wengi walikuwa Wavenezuela waliofunzwa ndani ya kampuni zilezile za kigeni. Walibadilisha beji, lakini tabia za kazi zilibaki. Jambo walilojivunia kuliko yote ni kwamba huko hupandi cheo kwa kujuana. Unapanda kwa elimu, kwa miaka na kwa kazi inayoonekana. Sisi tuliozoea kuulizwa "unajua nani pale ndani?" tunaelewa utamu wa hilo.

Lakini kulikuwa na upande mwingine. Kwa watu wa mitaa ya mabanda kwenye vilima vya Caracas, PDVSA ilikuwa kama nchi ndani ya nchi. Watu wake walikuwa na nyumba za kampuni, mishahara minono na hospitali safi, na huku chini maji ya mfereji hayaji. Chávez aliapishwa Februari 1999 kwa kura za hao wa vilimani, na alitaka kampuni iwe chini ya serikali kikwelikweli. Hapo siwezi kumlaumu. Shida ni njia aliyochagua.

Februari 2002 aliteua bodi mpya chini ya Gastón Parra Luzardo, mwanauchumi wa chuo kikuu. Mameneja wakasema waliopandishwa wameruka foleni kwa sababu ya siasa. Wakaandamana, wengine wakapunguza kazi. Jumapili, 7 Aprili, Chávez akaingia kwenye kipindi chake cha televisheni, *Aló Presidente*, akiwa na firimbi ya refa. Akasoma majina ya mameneja saba mmoja baada ya mwingine, na kila jina akalipulizia firimbi. Wengine 12 wakaambiwa wastaafu. Watazamaji ukumbini walishangilia.

Hebu jiweke hapo. Umefanya kazi miaka 20. Uko nyumbani Jumapili na watoto, televisheni imewashwa.

Siku nne baadaye, 11 Aprili, umati mkubwa uliandamana hadi karibu na ikulu ya Miraflores. Risasi zikalia na watu 19 wakafa. Jeshi likamwondoa Chávez, na Pedro Carmona, mkuu wa chama cha waajiri, akajitangaza rais na kulivunja Bunge. Hapa wale mameneja wananivunja moyo. Mmoja wao alisimama kutangaza kwamba hakuna pipa hata moja litakaloenda Cuba tena, na wenzake wakapiga makofi. Jana walikuwa wanalia kuhusu siasa kuingia kazini, leo wanashangilia mapinduzi. Yalidumu siku mbili tu. Chávez alirudi alfajiri ya 14 Aprili, akaonekana ameshika msalaba, akaomba yaishe. Wale wa firimbi wakarudishwa kazini.

Hayakuisha. Tarehe 2 Desemba 2002, chama cha waajiri na shirikisho la vyama vya wafanyakazi waliitisha mgomo wa nchi nzima wakitaka Chávez aondoke. Watu wa PDVSA wakajiunga, wakiongozwa na Juan Fernández, mmoja wa wale saba. Meli ya mafuta Pilín León, iliyopewa jina la Mvenezuela aliyekuwa Miss World 1981, ikatia nanga katika Ziwa Maracaibo na mabaharia wake wakakataa kuisogeza. Uzalishaji uliokuwa karibu mapipa milioni 3 kwa siku ukabaki sehemu ndogo tu. Nchi inayoelea juu ya mafuta ikaagiza petroli kutoka Brazil. Krismasi watu walikesha kwenye foleni za petroli na gesi ya kupikia. Hata ligi ya besiboli, ambayo kule ni dini, ilifutwa msimu huo.

Mwezi huohuo Wakenya walikuwa wanampigia kura Mwai Kibaki. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Kila mtu mzima niliyemuuliza anakumbuka ile Desemba kama mwezi ambao kila kitu kiliwezekana. Caracas pia kila upande uliamini utashinda kabla mwezi haujaisha.

Serikali haikuanguka. Iliita wastaafu, wanajeshi na wafanyakazi waliokataa kugoma, ikaanza kufungua visima upya. Mapema Februari 2003 mgomo ukafa. Wakati huo barua za kufuta watu zilikuwa zimeshaanza. Jumla yake ilipita watu 18,000, karibu nusu ya kampuni. Majina yalichapwa magazetini, safu kwa safu, kama matokeo ya mtihani. Hoja ya serikali ilikuwa moja: mmeacha kazi na mmehujumu nchi. Ndani ya orodha mlikuwa na wakubwa waliopanga mgomo, lakini pia makarani, wahandisi wa mwaka wa kwanza, mafundi waliofuata bosi wao. Adhabu ikawa moja kwa wote.

Na haikuishia kwenye mshahara. Wengi walilalamika hawakupata malipo yao ya kuachishwa wala akiba waliyokuwa wamekatwa. Milango ya kazi za mafuta nchini ikafungwa kwao, hata kwenye kampuni zilizofanya biashara na PDVSA. Malalamiko yakafika hadi Shirika la Kazi Duniani. Septemba 2003 askari wa Walinzi wa Taifa waliingia Los Semerucos, mtaa wa nyumba za kampuni karibu na kiwanda cha kusafisha mafuta cha Amuay, wakarusha mabomu ya machozi na kutoa familia nje.

Wakaondoka. Wengine Calgary, wengine Houston, wengine Ghuba ya Uajemi. Wengi walivuka mpaka tu hadi Colombia, ambako kampuni ya Pacific Rubiales, iliyoongozwa na watu waliotoka PDVSA, ilifufua mafuta mazito ya uwanja wa Rubiales. Kufikia 2013 Colombia ilikuwa inatoa karibu mapipa milioni moja kwa siku. PDVSA nayo iliajiri tena hadi kupita watu 100,000, lakini huwezi kuajiri uzoefu wa miaka 20 kwa wiki moja. Agosti 2012 Amuay ikalipuka na kuua watu zaidi ya 40. Kufikia 2020, baada ya uongozi mbovu, ufisadi na vikwazo, Venezuela nzima ilikuwa inatoa chini ya mapipa nusu milioni.

Januari 2004, akihutubia Bunge, Chávez alikiri kwamba ile firimbi hakuipuliza kwa hasira. Alikuwa akiutafuta mgogoro. Nilisoma sehemu hiyo mara tatu. Wale saba walidhani wamekosea mahali fulani, kumbe kufutwa kwao kulikuwa hatua ya mchezo wa mtu mwingine.

Sitaki kujilinganisha nao. Mimi nilipoteza kazi ya kuandika insha, sio nyumba. Lakini ile aibu naijua: kujua umefutwa pamoja na dunia nzima, bila mtu kukutazama usoni. Wiki iliyopita nilifungua tena lile faili la kurasa nane. Lina takwimu zote na halina mtu hata mmoja. Mteja alishafuzu. Mimi nimeona nimalizie kazi yangu, hata kama hakuna anayelipa. Hii uliyosoma ndiyo kurasa ya tisa.