Kompyuta za Kukodi na Mikongo ya Baharini

Mwaka 2000, mtu aliyekaa ofisini katikati ya Nairobi aliweza kumwandikia barua pepe mwenzake wa jengo la ng'ambo ya barabara, na barua hiyo isivuke barabara. Kama mwenzake alihudumiwa na kampuni nyingine ya intaneti, barua ilipaa hadi kwenye setilaiti, ikashuka Marekani au Ulaya, ikapangwa huko, kisha ikapandishwa tena angani ili irudi Nairobi. Safari hiyo ililipiwa kwa dola, kwenda na kurudi. Novemba mwaka huo kampuni za intaneti za Kenya ziliamua kukutanisha mitandao yao mahali pamoja jijini, katika kituo walichokiita KIXP, ili mambo ya nyumbani yamalizikie nyumbani. Telkom Kenya, ambayo wakati huo ilikuwa na ukiritimba wa kisheria wa mawasiliano ya nje, ililalamika. Hazikupita wiki mbili, Tume ya Mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe. Mabishano yakaendelea zaidi ya mwaka mzima hadi kituo kilipofunguliwa tena Februari 2002.

Leo mhasibu wa Arusha anafungua vitabu vya hesabu vilivyohifadhiwa kwenye seva ambazo hajawahi kuziona, na bibi wa Muscat anaitazama harusi ya mjukuu wake wa Unguja mubashara. Mambo haya kwa kawaida husimuliwa kama hadithi ya simu janja na programu zake. Mimi nayaona kwanza kama historia ya umbali: nani aliufupisha, kwa kazi gani, na ni wapi bado haujafupika.

Wazo la kukodi kompyuta ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1961 mtaalamu John McCarthy, akihutubia sherehe za miaka mia moja ya chuo cha MIT nchini Marekani, alitabiri kwamba siku moja nguvu ya kompyuta itauzwa kama huduma ya umma, mfano wa simu. Mwaka huohuo, chuoni hapohapo, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo uliowaruhusu watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiona kana kwamba ni yake peke yake. Ni busara ileile ya mashine ya kusaga kijijini: hakuna sababu ya kila kaya kununua mashine yake wakati inaweza kupeleka debe lake la mahindi na kulipia kilichosagwa. Lakini kompyuta zilivyozidi kuwa ndogo na bei yake kushuka, ulimwengu uliliacha wazo hilo. Kila ofisi ikanunua seva yake, ikaifungia kwenye chumba cha nyuma chenye kiyoyozi, na ikaomba umeme usikatike.

Wazo liliporudi, sehemu yake kubwa ilijengwa Afrika. Jambo hili halisemwi vya kutosha.

Chris Pinkham, mhandisi kutoka Afrika Kusini aliyewahi kushiriki kuanzisha mojawapo ya kampuni za kwanza za intaneti nchini kwao, alikuwa mmoja wa wakuu wa mitambo ya Amazon huko Seattle. Mwaka 2003 yeye na mwenzake Benjamin Black waliandika pendekezo fupi: mitambo ya kampuni ipangwe upya ili iendeshwe na programu badala ya mikono ya watu, na huenda hata wageni wakauziwa nafasi humo. Pinkham alitaka kurudi kwao. Badala ya kumwachia aende, Amazon ilimruhusu kufungua ofisi Cape Town, naye akaenda mwishoni mwa 2004. Akamchukua Willem van Biljon, wakakusanya kikundi kidogo cha wahandisi, wakakaa katika kitongoji cha Constantia, mbali kabisa na makao makuu.

Kazi yao ilikuwa kuigawa kompyuta moja kubwa iwe kompyuta kadhaa za kufikirika, kila moja ikiwa na mpangaji wake asiyeweza kuchungulia kwa jirani. Walitumia programu huria iitwayo Xen, iliyotoka Chuo Kikuu cha Cambridge. Hifadhi ya mafaili ya Amazon, iliyojengwa na watu wengine, ilifunguliwa Machi 2006 kwa senti 15 za dola kwa gigabaiti moja kwa mwezi. Kompyuta za kukodi za Constantia zikafuata Agosti mwaka huohuo kwa senti 10 kwa saa. Mpangaji hakusaini mkataba wala hakulipa kianzio. Aliyeichukua mashine kwa saa tatu alilipa senti 30, akaondoka zake.

Unafuu huo ulionekana upesi katika kazi ambazo kabla yake zilihitaji bajeti na kikao. Mwaka 2007 gazeti la New York Times lilitaka kuweka mtandaoni makala zake milioni 11 za zamani, kuanzia toleo la mwaka 1851. Kurasa zilikuwa zimepigwa picha kipande kipande, terabaiti 4 kwa jumla, na kila makala ilibidi iunganishwe upya. Mhandisi mmoja wa gazeti alikodi mashine 100, na kazi ikaisha ndani ya saa 24. Kwa bei ya wakati ule, kodi ya mashine hizo kwa siku nzima haizidi dola 240. Nikifikiria nyaraka zetu zinazoliwa na mchwa katika masjala za wilaya, hesabu hiyo hunigusa kuliko takwimu yoyote ya mapato ya kampuni hizi.

Mwaka uliofuata, Agosti 2008, hifadhidata ya Netflix iliharibika, na kwa siku tatu kampuni ikashindwa kuwatumia wateja wake DVD za filamu kwa posta. Ndiyo, kwa posta: biashara hiyo bado iliishi kwa bahasha, ingawa tangu 2007 ilikuwa imeanza pia kurusha filamu mtandaoni. Wakuu wake waliamua kuachana na seva zao na kuhamia kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi mtandaoni, kazi iliyokamilika Januari 2016. Katika miaka hiyohiyo kijana Drew Houston, aliyesahau flashi yake akisafiri kwa basi kutoka Boston kwenda New York, alianza kuandika programu iliyokuja kuwa Dropbox. Faili likibadilika kidogo, programu hiyo ilituma kipande kilichobadilika tu, si faili zima; sifa ndogo, ila kwa mtu mwenye laini ya polepole ilikuwa tofauti kati ya dakika moja na mchana mzima.

Utiririshaji una ukoo wake mwingine. Tarehe 5 Septemba 1995 mchezo wa besiboli kati ya Seattle Mariners na New York Yankees ulitangazwa kwa sauti kupitia intaneti kwa programu ya RealAudio. Msikilizaji hakusubiri faili zima lishuke. Alisikia sekunde hizi huku zinazofuata zikiwa njiani, na akiba ndogo ikitangulia kujazwa ili sauti isikatike. Kanuni hiyo haijabadilika. Kilichoongezeka ni ujanja wa kuikata video vipande vya sekunde chache, kila kipande kikiandaliwa katika viwango kadhaa vya ubora. Simu hupima mwendo wa mtandao na kuchagua kipande kinachoufaa. Ndiyo maana picha hufifia unapoingia kwenye daladala na kung'aa tena ukifika nyumbani, bila kusimama.

Tatizo gumu zaidi lilikuwa wingi wa watu. Watazamaji laki moja wakilifuata faili moja kwenye seva moja, njia huziba. Katika MIT profesa Tom Leighton na mwanafunzi wake Daniel Lewin walitafuta kanuni za hesabu za kusambaza nakala kwenye seva nyingi, kila nakala ikae karibu na watu wake. Mwaka 1998 walianzisha kampuni ya Akamai. Septemba 11, 2001, Lewin alikuwa ndani ya ndege ya kwanza iliyogongeshwa kwenye majengo ya New York, na akauawa. Siku hiyohiyo umma wa dunia uliofurika mtandaoni kutafuta habari ulihudumiwa kwa kanuni alizochangia kuzibuni. Alikuwa na miaka 31.

Mwambao wetu, wakati huo wote, ulikuwa nje ya karamu hii. Setilaiti ya mawasiliano iliyotumika wakati huo ilikaa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Ombi hupanda na kushuka, jibu hupanda na kushuka, na hata kwa kasi ya nuru karibu nusu sekunde huishia angani kabla mtambo wowote haujafanya kazi. Nusu sekunde hiyo hurudiwa kwa kila hatua ya kufungua ukurasa. Bei nayo ilikuwa dola elfu kadhaa kwa mwezi kwa laini ya megabiti moja kwa sekunde. Nani angetazama filamu kwa gharama hiyo? Watu walikwenda kwenye vibanda vya video, ambako Dar es Salaam sauti ya msimulizi Lufufu ilizifasiri filamu za Hong Kong na Marekani kwa Kiswahili chenye manjonjo. Nyimbo zilihamishwa kwa flashi na memori kadi, virusi vikisafiri bure pamoja nazo, na kanda za harusi zilipelekwa Uarabuni ndani ya masanduku ya wasafiri.

Wala haikuwa kwamba bahari yetu haijapata kuona waya. Zanzibar iliunganishwa kwa kebo ya telegrafu na Aden, na kusini hadi Msumbiji na Durban, mwaka 1879. Umeme wa maneno ulipita chini ya maji yetu miaka 130 kabla ya mkongo wa nuru kuwasili, na pengo hilo lilitokana na ukiritimba, ugumu wa kukusanya mitaji na mabishano kati ya serikali juu ya nani atamiliki nini.

Mwaka 2009 pengo likafungwa, tena kwa haraka. Juni mkongo wa TEAMS ulitua Mombasa ukitokea Fujairah katika Falme za Kiarabu. Julai 23 mkongo wa SEACOM uliwashwa, ukiziunganisha Afrika Kusini, Msumbiji, Tanzania na Kenya na Ulaya na India. EASSy, wenye urefu wa kilomita 10,000 kutoka Mtunzini hadi Port Sudan, ukafuata 2010. Nuru hukimbia ndani ya kioo kilomita laki mbili hivi kwa sekunde. Kutoka Mombasa hadi Fujairah, safari ya kilomita 5,000, ni sehemu moja ya arobaini ya sekunde. Nchi kavu nako Tanzania ilikuwa ikitandaza Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kuelekea mipakani, na majirani wasio na bahari wakaufuata.

Mageuzi yaliyotokea ofisini hayakuwa ya kutangazwa kwa ngoma. Hospitali ndogo ziliacha kununua seva, na mwenye duka aliyeibiwa kompyuta akakuta orodha ya wadeni wake bado ipo. Safari ya M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, inaonyesha vizuri upande mwingine wa jambo hili: mahali seva zilipo. Huduma hiyo ilianza Machi 2007, lakini seva zake zilikaa Ujerumani. Pesa ya muuza mboga wa Kisumu kwenda kwa mama yake Siaya ilihesabiwa Ulaya kwanza. Mwaka 2015 seva hizo zikahamishiwa Kenya. KIXP ilikuwa imedai haki hiyohiyo kwa barua pepe miaka kumi na mitano kabla.

Nyumbani, Netflix ilifunguliwa Kenya, Tanzania na nchi nyingine nyingi Januari 2016, na Spotify ikafika Februari 2021. Hata hivyo chombo kikuu cha utiririshaji kwetu kimebaki YouTube, na kipimo chake ni bando. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga milango, mahakama za Kenya zilianza kusoma hukumu kwa video, na padri akawasomea misa waumini waliokaa sebuleni. Familia zilizozuiwa kusafiri zilizika wapendwa wao kwa kutazama. Nawajua watu ambao hawakupata njia nyingine ya kuaga, na sitakubali mtu aite kile walichokitazama burudani. Seva zenyewe nazo zilianza kusogea: Aprili mwaka huo Amazon ilifungua vituo vyake vya data Cape Town, miaka kumi na minne baada ya Constantia.

Umbali haujaisha, hata hivyo. Februari 2024 mikongo kadhaa ya Bahari ya Shamu ilikatika, SEACOM ukiwemo. Inaaminika ni nanga ya meli Rubymar, iliyopigwa kombora na Wahouthi wa Yemen ikaachwa ikielea. Mizigo mingi ya intaneti yetu ikageuzwa kupita kusini. Tarehe 12 Mei, mikongo ya SEACOM na EASSy ikakatika kwa pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini. Tanzania iliumia sana. Malawi, Rwanda, Uganda, Burundi na Komoro nazo zikapungukiwa. Wenye mafaili kwenye seva za Dublin au Virginia walikodolea macho duara linalozunguka kwenye kioo. Kilichohifadhiwa ndani ya nchi, nyuma ya kituo cha kubadilishana data, hakikuhitaji bahari.

Kwa hiyo swali ninalowahimiza wakuu wa shule na waganga wafawidhi waulize kabla ya kulipia huduma yoyote si ukubwa wa hifadhi, bali mahali ilipo, na njia ngapi zinafika huko. Mombasa sasa ina jibu bora kuliko zamani: mkongo wa PEACE ulitua mwaka 2022, na 2Africa, wenye kilomita 45,000 na unaolizunguka bara, unagusa Kenya na Tanzania. Bujumbura na Bukavu bado zinategemea nyaya za nchi kavu zinazopita kwa majirani kabla ya kuiona bahari. Huko bei ya bando na uimara wa laini vinaamuliwa na watu ambao wenyeji hawakuwachagua, na mjadala waliouanzisha watu wa Nairobi mwaka 2000 haujamalizika.