Podikasti: Darasa la masikioni kwa madaktari

Podikasti ni kipindi cha sauti kinachopakuliwa kwenye intaneti na kusikilizwa wakati wowote. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 2004. Daktari mwanagenzi anayetoka zamu ya usiku mjini Eldoret aweza kujifunza akiwa ndani ya matatu, mahali ambapo kitabu hakisomeki kwa urahisi.

Shule ya Tiba ya Chuo Kikuu cha Moi, mjini humo, hufunza kwa kutatua matatizo: wanafunzi hujadili kisa cha mgonjwa katika vikundi vidogo, tena hupelekwa vijijini kujionea afya ya jamii. Podikasti inayosimulia kisa hatua kwa hatua huoana na mtindo huo.

Hata hivyo, vipindi vingi hutayarishwa ng'ambo. Mgonjwa wa homa aliyetoka Busia hupimwa malaria kwanza. Kipindi cha London huenda kisiitaje kabisa. Isitoshe, kwa Kiingereza 15 na 50 hukaribiana kimatamshi, na kosa kama hilo katika kipimo cha dawa laweza kumwua mgonjwa.

Kwa hivyo msikilizaji hana budi kuthibitisha aliyoyasikia katika miongozo iliyoandikwa ya Wizara ya Afya, na kumwuliza daktari mwandamizi, kabla ya kumgusa mgonjwa.