Urubani: kujiandaa kwa usaili na jaribio la simuleta

Rubani anayeomba kazi katika shirika la ndege kwa kawaida hupitia usaili wa mdomo, kisha jaribio katika simuleta, yaani mashine inayoiga chumba cha marubani. Humo huweza kupewa dharura, kama vile injini kuzimika wakati wa kupaa. Watahini hawapimi ustadi wa mikono pekee, bali pia anavyogawana kazi na mwenzake na kusema waziwazi aonapo hatari. Mwaka 1977, huko Tenerife, Uhispania, mhandisi wa ndege alihoji iwapo njia ilikuwa wazi. Rubani mkuu akaendelea kupaa. Ndege mbili ziligongana, watu 583 wakafa. Hivyo mwombaji hushauriwa kuyarudia mazoezi ya dharura kwa sauti, akiwa na mwenzake.